Gari kongwe si pambo la gereji

Wapo wenye magari makongwe ya mbio humu nchini ambao huyafunika turubai mwaka mzima, kisha wakayaonyesha siku moja tu. Mimi nashikilia kwamba hawayahifadhi, bali wanayaua polepole.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Injini yake ya silinda 6 hulishwa na kabureta 2. Ikikaa bure, petroli huharibika na kuacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hadi kutu ikaingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watasema vipuri ni ghali na barabara ni mbovu. Ajabu ni kwamba gari hilo lilijipatia sifa kwa kupita matopeni!

Hasara kubwa zaidi si ya chuma. Magari ya leo husimamiwa na kompyuta. Fundi awezaye kulinganisha kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo wake aghalabu ni mzee. Akifariki kabla ya kufunza, ujuzi umekwenda naye.

Kwa hivyo nawasihi wenye magari haya wayaendeshe, na siku ya kufungua injini wawaalike walimu wa ufundi na wanafunzi wao. Aliyeshika kabureta mkononi huelewa haraka kuliko aliyechorewa ubaoni.