Sambusa: Mafuta Hayako Karaini Peke Yake

Katikati ya mwaka 2025, Wizara ya Afya ya India iliwataka wakuu wa ofisi na taasisi za umma waweke mabango yanayoonyesha kiasi cha mafuta na sukari kilichojificha katika vyakula vya kila siku. Vyombo vya habari vikaidaka taarifa hiyo na kutangaza kwamba samosa, yaani sambusa ya huko, na kitamu kiitwacho jalebi sasa zitawekewa onyo kama sigara. Serikali ikalazimika kufafanua: haikuagiza onyo lolote libandikwe kwenye vyakula vya wachuuzi, wala haikukilenga kitafunwa kimoja. Maelezo hayo yalichelewa. Mitandaoni watu walikwisha kuitetea samosa kana kwamba ni ndugu yao aliyepelekwa kituoni.

Hofu ya wizara ina msingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa Wahindi milioni 101 wanaishi na kisukari, na mapema mwaka 2025 Waziri Mkuu Narendra Modi aliwaomba wananchi wapunguze mafuta ya kupikia kwa asilimia 10. Samosa haikuleta maradhi hayo peke yake. Lakini ni kitafunwa cha chai ya jioni, cha kikao cha ofisini, cha mgeni aliyebisha hodi bila taarifa, na kinacholiwa mara kwa mara hivyo kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko pilau ya harusi.

Ushauri unaotolewa upesi ni huu: oka, usikaange. Umejaa kwenye video za mapishi, na ni nusu tu ya ukweli.

Mafuta huingia kwenye sambusa kwa milango mitatu: unga, kima na karai. Watu hukodolea macho karai kwa sababu ndilo linalochemka na kurusha matone. Samosa ya Punjab, ile nene yenye viazi na njegere, huanza kupokea mafuta kabla ya jiko kuwashwa. Mpishi husugua samli kwenye unga mweupe wa ngano mpaka ukishikwa kwa ngumi ushikamane, ndipo anapotia maji. Samli hiyo ndiyo inayolifanya ganda livunjike mdomoni. Kwa gramu 250 za unga, wengi hutia vijiko vinne vikubwa, yaani takriban kalori 500. Zikitoka sambusa 12, kila moja imebeba kalori 40 na ushee za samli hata haijagusa karai.

Mafuta yaliyokwisha kukandwa hayatoki kwa kuhamishia sambusa kwenye oveni. Na baadhi ya mapishi ya kuoka huongeza siagi kwenye unga ili ganda lisikauke, hivyo kilichookolewa karaini kinarudi kupitia kinyunya. Mbaya zaidi ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa njia inayozalisha mafuta yaitwayo trans, ambayo huongeza hatari ya maradhi ya moyo. India imeyawekea kikomo cha asilimia 2 tangu Januari 2022, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo anayetaka sambusa nyepesi aanze na ganda, na hapa jibu liko tayari katika jiko la Waswahili. Manda ya pwani, inayofanana na ile ya jamii za Gujarat kama Mabohora, haihitaji samli ndani ya unga. Kinyunya ni unga, chumvi na maji. Hugawanywa madonge, yakasukumwa kidogo, yakapakwa mafuta na kunyunyizwa unga, kisha yakapangwa moja juu ya jingine na kusukumwa kwa pamoja. Mkate huo hubabuliwa kidogo kwenye chuma cha chapati, bila kuachwa ubadilike rangi, halafu manda huambuliwa moja moja zikiwa bado na joto. Mafuta ni yale tu yaliyopakwa kati ya tabaka. Nusu ya unga mweupe ikibadilishwa kwa unga wa ata, nyuzinyuzi huongezeka na manda bado hukunjika; ata tupu huwa ngumu na hupasuka pembeni, jambo linalowakatisha tamaa wengi wakaamua kwamba chakula cha afya hakifai.

Manda hizo ndizo zinazofaa kuokwa. Sambusa ikishafungwa kwa uji mzito wa unga, hupakwa mafuta kwa brashi pande zote mbili na kuingizwa kwenye oveni ya nyuzijoto 200 kwa dakika 15 hadi 20, ikigeuzwa mara moja. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta vinatosha sinia ya sambusa 12, yaani kalori 20 hivi kwa kila moja. Brashi isirukwe, kwani manda kavu huokeka kama karatasi. Nyumba isiyo na oveni inaweza kupalia mkaa juu na chini, kama inavyofanywa kwa mkate wa kumimina, mradi moto wa chini uwe mdogo.

Kima nacho kina siri yake, nayo ni ukavu. Nyama yenye maji huilainisha manda, na mpishi akiona imelegea hukimbilia mafuta. Nyama isiyo na shahamu nyingi ikaangwe kwa maji yake yenyewe pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na bizari nzima mpaka ikauke, ikipoa ndipo kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, kotimiri na ndimu vichanganywe. Nusu ya nyama ikibadilishwa kwa dengu zilizochemshwa zikabaki kavu, bei hushuka, na dengu nazo zina protini. Ndimu na pilipili vikitosha, hata chumvi inaweza kupunguzwa bila mlaji kununa.

Na atakayekaanga? Akaange, ila ajue karai linavyofanya kazi. Sambusa ikiwa ndani ya mafuta ya moto, maji ya kwenye ganda hugeuka mvuke na kusukuma nje, hivyo mafuta hupata shida kupenya. Sehemu kubwa ya mafuta hunyonywa baada ya kuopolewa: mvuke hupoa, shinikizo la ndani hushuka, na yale yaliyobaki juu ya ganda huvutwa ndani. Anayezilundika moto moto kwenye bakuli anazipa muda wa kunywa. Zitikiswe papo hapo na kusimamishwa kwenye chekecheke. Mafuta nayo yasirudiwe mpaka yawe meusi na mazito. Tangu Julai 2018 India huzuia wauzaji kutumia mafuta ambayo zaidi ya robo yake imeharibika kwa moto.

Wapo watakaosema sambusa ya kuoka si sambusa. Historia haiwaungi mkono sana, kwani sambusa imekuwa ikibadilika. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alikula sambusa katika kasri la Sultani wa Delhi: nyama iliyosagwa pamoja na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ndani ya mkate mwembamba, ikakaangwa kwa samli. Hakukuwa na kiazi, kwa sababu viazi vilitoka Amerika ya Kusini na kuletwa India na Wareno zaidi ya karne mbili baadaye. Samosa inayotetewa leo kama ya asili ni mabadiliko ya mabadiliko.

Hata hivyo ladha isidanganywe. Iliyookwa ina ukavu wake na haifikii mlio wa iliyotoka karaini, na familia nyingi zitaendelea kukaanga siku ya Idi. Mahali pa kubadili ni futari za katikati ya mwezi wa Ramadhani na chai za siku za kazi, ambako sambusa tatu au nne hupita bila mtu kuzihesabu. Wauza manda nao wana deni: pakiti nyingi za mitaani hazisemi unga gani umetumika wala kama una mafuta ndani. Maandishi mawili matatu kwenye pakiti yangemsaidia mnunuzi kuliko bango la ofisini.