Msituambie Tutaizoea



Msimu wa harusi umerudi, na pamoja nao limerudi neno tulilolichoka: "Utazoea." Utazoea lesi. Utazoea waya. Utazoea ule mkanda unaokukata begani mpaka ukiuvua usiku unaacha mfereji mwekundu. Anaambiwa bi harusi, anaambiwa mwari aliyevunja ungo juzi, na anaambiwa mama wa watoto wanne ambaye miaka yote hiyo bado hajaizoea. Leo tunalijibu neno hilo, na tutalijibu bila ya kufumbafumba. Hapa tuko wanawake watupu, na sidiria si siri baina yetu.

Tunaposema "sisi" tunawakusudia wale ambao nguo haziwanyamazii. Watu wengi wakivaa asubuhi, baada ya dakika chache mwili umeshasahau. Ubongo hupokea habari kwamba kuna kitambaa, huona hakina madhara, ukaacha kukisikiliza. Sisi wetu hauachi. Mshono uliosikika saa moja asubuhi unasikika vilevile saa kumi jioni, na kwa ukali zaidi, maana jasho limeshaingia. Lebo ya mgongoni ni sisimizi asiyekufa. Tunafika kazini tukiwa tumechoka, na kazi hatujaianza.

Mkisikia hivyo mnasema ni deko. Basi sikilizeni. Tangu miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, A. Jean Ayres, alikuwa akiandika juu ya watoto wanaoukimbia mguso ambao wenzao hawaujali, na akaeleza kwamba shida iko katika namna ubongo unavyoipokea habari ya ngozi, si katika malezi. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo jipya la mwongozo wao, waliutia wepesi huu wa kuhisi miongoni mwa dalili za usonji. Wako wenye usonji wanaoishi hivi, na wako wasiokuwa nao wanaoishi hivi pia. Anaweza akawa binti yako unayempiga kofi kila Idi kwa sababu anavua gauni jipya mbele za wageni.

Na kwa nini sidiria hasa? Kwa sababu hakuna nguo nyingine yenye vitu vingi hivyo vinavyokaa mahali pabaya hivyo. Hebu ichukueni moja mikononi muitazame kama fundi. Kuna mkanda wa lastiki unaouzunguka mwili na kubana mbavu. Kuna mikanda miwili ya mabegani yenye vibati vya kurefushia. Kuna kulabu mgongoni, safu mbili au tatu, na nyuma yake kitambaa kidogo ambacho kikijikunja kulabu zinagusa ngozi yenyewe. Kuna waya wa chuma au plastiki chini ya kila kikombe, umeshonewa ndani ya mfereji wa kitambaa, na ncha yake inaelekea kwapani, kwenye ngozi laini kuliko zote. Kuna sponji. Kuna lesi, ambayo nyingi ni nailoni au poliesta, hainywi jasho vizuri. Mwisho kuna lebo, na kwa nini lebo iwekwe pale kwenye uti wa mgongo ni suali ambalo wallahi tungependa kumuuliza aliyeibuni.

Vaa hivyo vyote wakati wa kaskazi, kisha shimizi juu yake, kisha gauni, kisha buibui. Harara ikitoka chini ya matiti mtu anashangaa nini?

Wako pia ambao si mguso tu unaowasumbua. Vile vibati na kulabu huwa na nikeli, na ngozi inayoikataa nikeli huwasha na kufanya upele pale pale chuma kilipogusa. Huyo tatizo lake ni mzio, na dawa yake ni kuviepuka vyuma au kuvitenganisha na ngozi. Na tafadhalini, upele au kidonda cha chuchu moja kisichopona kipelekeni hospitali. Hicho kisikaliwe kikapakwa mafuta ya nazi mwezi baada ya mwezi.

Sasa tuje kwa bi harusi, maana hapa ndipo tunapokasirika.

Bi harusi wetu anasuguliwa singo, anapakwa liwa, anafukizwa udi mpaka nywele. Ngozi inatayarishwa iwe laini kuliko siku zote. Kisha ngozi hiyo hiyo iliyosuguliwa tangu jana inavishwa sidiria ngumu isiyo na mikanda, ambayo kwa kuwa haina mikanda lazima ibane mara mbili isiteremke, chini ya shela lenye shanga, kwa saa sita, mbele ya kamera. Akisema inamchoma anaambiwa leo siku yake, avumilie, uzuri una gharama. Gharama kwa nani? Kwenye ukumbi wa wanawake hakuna mume. Kuna sisi. Tunamuumiza mwenzetu ili sisi wenyewe tumtazame, halafu tunakwenda kula biriani.

Na sanduku? Ndani ya sanduku la bi harusi zimo seti za lesi, nyekundu na nyeusi, zimenunuliwa na wifi au shangazi wa mume kwa kukisia. Amemwona binti mara mbili, zote akiwa na buibui, lakini nambari ya kifua chake anaijua! Mkwe hakosei, basi bi harusi anazivaa fungate nzima, anajikunyata, na mume wake kijana wa watu anadhani anamkimbia yeye. Anashtuka akiguswa bega kwa sababu bega limeshachubuka. Wanaitwa wazee, wanasemezwa, panasomwa dua, na hakuna aliyethubutu kuuliza kuhusu mkanda wa sidiria. Makungwi wetu mnafundisha mengi, na mengine ya kina kuliko haya. Hili nalo lifundisheni: mwanamke amwambie mumewe, kwa maneno mepesi, mguso upi unamstarehesha na nguo ipi hawezi. Mume mwenye akili atafurahi kujua.

Linalotuumiza kuliko yote ni kuisikia dini ikiingizwa hapa. Ati subira. Ati sitara. Subira ni ya jambo lisiloondoka, maradhi au msiba. Sidiria ina kulabu, inafunguka. Na sitara ni kufunika mwili kwa nguo isiyoonesha wala kubana. Katika masharti ya sala tuliyosomeshwa chuoni, sidiria haimo. Mwanamke aliyejifunika nyumbani kwake shela pana la kusalia sala yake haina dosari kwa kuwa chini hana waya. Lakini tunawajua wanaosali mbio, wanaofupisha sijida kwa sababu wakiinama ule waya unawachoma mbavuni, wakimaliza hawajui wamesoma sura gani. Nani amemnufaisha mwenziwe kwa kumnyang'anya khushuu?

Tena tunayo hoja nzito kuliko hiyo. Hariri imeharamishwa kwa wanaume wa umma huu, jambo linalojulikana na kila mtoto wa madrasa. Lakini katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Anas bin Malik, imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu Zubayr bin Awwam na Abdurrahman bin Awf kuvaa hariri kwa ajili ya muwasho waliokuwa nao. Mashujaa wawili wa vita, wote katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na hakuna aliyewaambia watazoea. Ikiwa katazo la sheria lililegezwa kwa ajili ya ngozi inayowasha, ada ya lesi ya dukani ina nguvu gani isilegezwe?

Watatokea wa kusema: bila ya waya matiti yataanguka. Matiti hulegea kwa umri, kwa mimba, kwa uzito kupanda na kushuka, kwa kurithi, na waya haurudishi lolote kati ya hayo. Bibi zetu walijifunga kanga kifuani wakafanya kazi zote za nyumba. Na sidiria yenyewe inayotukuzwa hivi, hati yake ya uvumbuzi Marekani alipewa mwanamke wa New York, Mary Phelps Jacob, mwaka 1914. Alichoka na koseti ya mifupa ya nyangumi iliyokuwa ikimtokeza chini ya gauni la karamu, akachukua leso mbili za hariri na utepe, akamwita mtumishi wake wakashona. Alikuwa akiikimbia nguo inayochoma, na sisi tunaigeuza kazi yake kuwa koseti nyingine.

Hatusemi kila mtu atupe sidiria zake. Mwenye kifua kizito anahitaji kushikwa, mgongo wake ndio shahidi, na wako wanaopenda lesi na waya hauwasumbui. Wavae kwa raha zao. Tunasema yule asiyeweza aaminiwe, apewe njia. Na njia zipo.

Anza na kipimo, maana hata sidiria nzuri ikiwa si ya kipimo chako inachoma. Chukua tepu ya fundi, pima chini ya matiti, kisha pima yanapojaa. Uzito hubebwa zaidi na ule mkanda wa kuzunguka mwili, si mikanda ya mabegani. Mkanda ukipanda mgongoni ni mpana mno, na hapo ndipo mabega yanapokatwa. Wengi wetu tukichomwa tunakimbilia nambari kubwa, na matokeo yake sidiria inatembea mwilini kutwa, inasugua, tunazidi kuumia. Kwa ngozi za aina yetu, mbano ulio sawa na uliotulia mara nyingi huvumilika kuliko mguso mwepesi unaocheza. Ndiyo maana baadhi yetu tunapata raha katika sidiria za michezo zisizo na waya, zile za kuvaa kama fulana, na wengine hizo hizo zinawanyima pumzi. Hakuna dawa moja.

Lebo usiikate kwa mkasi, utaacha kisiki kibaya kuliko lebo yenyewe. Ifumue uzi kwa uzi. Afadhali nunua zilizopigwa chapa kwenye kitambaa. Mpya ifue mara tatu nne kabla ya kuivaa, na isuuze mpaka maji yawe meupe, kwani sabuni iliyobaki nayo inawasha. Waya unaweza kuutoa: toboa ncha ya ule mfereji wa kitambaa, uvute, upashone. Vaa fulana nyembamba ya pamba ndani, sidiria juu yake, na kulabu hazitakugusa. Au igeuze ndani nje. Ndiyo, mishono ikae nje! Chini ya buibui nani ataona? Hii ni neema tuliyo nayo sisi tunaovaa mapana, na tunashangaa hatuitumii. Pamba ni laini lakini ikilowa jasho inachelewa kukauka, kwa hiyo wakati wa joto weka ya pili kwenye mkoba, ubadilishe adhuhuri unapotawadha.

Bi harusi, mwambie fundi wa shela mapema, si wiki ya mwisho. Vikombe laini vinaweza kushonewa ndani ya shela lenyewe, na bitana ya pamba ikapita juu ya mishono yote ya shanga, usihitaji kuvaa sidiria kabisa. Kisha livae nyumbani saa mbili nzima, ukae, uinuke, uinue mikono. Ukijaribu kwa dakika tano mbele ya kioo, hujajaribu. Na wanaojaza sanduku, mwulizeni mama yake au somo wake. Seti tatu za pamba za kipimo sahihi zina heshima kuliko kumi za kukisia.

Limebaki la wauzaji. Nyinyi kaka zetu mnaoning'iniza sidiria kwenye milango ya maduka, mnaivuta kwa mikono miwili na kutwambia inaingia mtu yeyote, tunajua mnatafuta riziki ya halali. Lakini mwanamke hawezi kukwambia wewe mahali panapomchoma, wala hawezi kuijaribu juu ya buibui huku njia nzima inapita. Ndiyo maana ananunua tatu kwa kukisia, mbili hazivai, na mwezi ujao anakwenda kuzitafuta mitumba kwa kuwa zimeshalainika, wakati Shirika la Viwango Tanzania limezikataza nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya. Tundikeni pazia kwenye pembe moja. Mwekeni dada, mke au binti yenu hapo, na tepu shingoni, hata kama ni Ijumaa na Jumamosi tu. Aulize mtu anataka nini kabla ya kuuliza nambari. Duka la kwanza litakalofanya hivyo tutalipangia foleni, na tutakuja na mabi harusi wetu.