Kabla ya kununua mashine za CPAP

Machi 2020, Uviko ulipokuwa ukienea, wahandisi wa University College London na wenzao wa kiwanda cha injini za mbio za magari cha Mercedes walifungua mashine ya zamani ya kusaidia kupumua, CPAP, wakaichunguza kipande kwa kipande, na kabla saa 100 hazijaisha wakawa wametoa yao. Hospitali za Uingereza zikatengenezewa 10,000, na michoro ikagawiwa bure kwa nchi nyingine.

Kazi ya CPAP inaeleweka kwa urahisi. Barakoa inabana pua na mdomo kwa mikanda, kisha hewa yenye oksijeni inasukumwa kwa presha isiyokatika, ili vifuko vya mapafu visinywee mgonjwa anapotoa pumzi. Mgonjwa yu macho na anapumua mwenyewe. Halazwi usingizi kwa dawa wala haingizwi bomba kooni.

Je, inasaidia? Utafiti uliofanywa katika hospitali 48 za Uingereza, matokeo yake yakachapishwa 2022, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa Uviko waliowekewa CPAP, asilimia 36 walifariki au walihitaji bomba. Kwa waliopewa oksijeni ya kawaida, ilikuwa asilimia 44. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni kuepuka bomba. Kuhusu vifo, tofauti ilikuwa ndogo mno kujengea hoja.

Hata hivyo, zile zilikuwa hospitali zenye oksijeni ukutani na chumba cha wagonjwa mahututi jirani. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, watoto wenye nimonia kali walipewa CPAP bila daktari wa kuwaangalia kila siku. Walifariki asilimia 17, ilhali waliopewa oksijeni ya kawaida walifariki asilimia 11. Watoto si watu wazima, lakini onyo hilo ni zito: mgonjwa akichoka au akitapika ndani ya barakoa iliyobana, lazima awepo mtu wa kuivua haraka.

Na kuna hesabu ya oksijeni. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukitumika lita 15 kwa dakika, hauchukui hata saa nane. Mgonjwa mmoja anamaliza zaidi ya mitungi mitatu kwa siku, na barabara ya kwenda kuijaza ni ndefu.

CPAP inastahili kufika hospitali za wilaya. Wizara itakayotangaza zabuni yake iweke humo humo mtambo wa oksijeni, vipimo vya oksijeni vya kidoleni na ajira ya wauguzi wa zamu ya usiku. Vikikosekana hivyo, fedha hizo zinunue oksijeni kwanza.