Kirungu cha Bolti na Kanuni ya Wenzo

Wauzaji wa vifaa vya bunduki za kuwindia, hasa Marekani, husifu sana kirungu kikubwa kifungwacho kwenye mkono wa bolti, yaani komeo la chuma lizibalo nyuma ya mtutu, badala ya kirungu cha kiwandani. Hudai kwamba bunduki itafunguka kwa wepesi zaidi. Dai hilo lina ukweli, lakini nusu tu.

Katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 mkono huinuliwa kwa nyuzi 90, na mwinuko huohuo ndio ubanao springi ya pini igongayo risasi. Hapo ndipo penye ugumu. Mwanafunzi aijuaye momenti ataona mara moja: ikiwa mkono wa sentimeta 6 wahitaji kani ya nyutoni 30, ule wa sentimeta 7.5 utahitaji 24. Lakini kiganja nacho kitasafiri mbali zaidi, na kazi itakuwa ileile. Tena kirungu kinene kisichorefusha mkono hakipunguzi hata nyutoni moja. Faida yake ni mshiko, jambo lisilo dogo kwa mwindaji aliyevaa glavu katika theluji ya Alaska.

Wasilolitaja wauzaji ni kuvuta nyuma. Bolti huvutwa kwa upande mmoja; kadiri mkono unavyorefuka, ndivyo inavyoelekea kwenda mshazari na kukwama katika mfereji wake. Mwenye bolti nzito afadhali aanze kwa kuisafisha na kuitia mafuta. Lee-Enfield ya Waingereza ilisifika kwa wepesi bila kirungu cha kununua: huinuliwa nyuzi 60 hivi tu, na springi yake hubanwa bolti inaposukumwa mbele.