Kabambare: mtoto akikosa goli, tuangalie kwanza mguu aliosimamia

Jioni, kwenye viwanja vya Kabambare, vya Salamabila na hata vya Kasongo, kuna neno moja linalosikika kuliko mengine: "Piga kwa nguvu!" Mtoto anakimbia, anapiga, mpira unapaa juu ya goli na kupotelea majanini. Kocha anashika kichwa, watazamaji wanacheka, kisha linafuata neno la pili: "Una mguu wa mti!" Mtoto anaenda kutafuta mpira. Akirudi, hakuna anayemwambia alikosea wapi. Kwa hiyo kesho atapiga vilevile.

Maoni yangu ni kwamba kelele hizo hazifundishi kitu, na zinatupotezea watoto. Kosa la kupiga mpira linaonekana kwenye mguu unaopiga, lakini mara nyingi linaanzia kwenye mguu unaosimama. Kocha asiyejua hilo atapiga kelele mwaka mzima bila kumsaidia mtoto hata mmoja. Anayelijua anaweza kumrekebisha mtoto kwa maneno matatu, bila dola hata moja.

Tuangalie jambo lenyewe. Mtu anayepiga kwa mguu wa kulia, mguu wake wa kushoto ndio unaobeba mwili wote. Ukiwekwa kando ya mpira, si mbali, vidole vikielekea pale mpira unapotakiwa kwenda na goti likiwa limekunjika kidogo, mwili unapata msingi. Kutoka hapo nguvu inapanda kwa utaratibu: nyonga inazunguka, paja linafuata, goti linakunjuka mwisho, na kifundo cha mguu kinakaa kigumu wakati wa kugusa mpira. Lakini mguu wa kusimamia ukibaki nyuma, mtoto analazimika kuufuata mpira kwa kunyoosha mguu, kifua chake kinalala nyuma, na mpira unapaa. Ukimwambia wakati huo "piga kwa nguvu", unamwomba aongeze nguvu juu ya kosa. Mpira utapaa zaidi.

Wakaaji wa kwetu wanalijua jambo hili hata wale wasiopenda mpira. Anayepasua kuni akisimama vibaya, shoka linateleza hata kama ana mikono ya chuma. Mama anayetwanga mpunga anatumia miguu na mgongo pamoja na mikono, ndiyo sababu anaweza kutwanga muda mrefu. Binti anayeanza anatumia mikono tu, na baada ya dakika chache mabega yanamuuma. Mama hamwiti binti yake mti. Anamwambia: "Sogea karibu na kinu." Ni neno moja tu, tena juu ya mahali pa kusimama, na mchi unakuwa mwepesi. Kwa nini hekima hiyo ya uani haifiki kiwanjani?

Si mpira wa miguu peke yake ulio hivyo. Wanaofundisha watoto softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaopendwa sana na wasichana wa Marekani na Japani, wanapambana na kosa la namna hiyohiyo. Mtoto akipunga gongo na kukosa mpira, wazazi wanaona mikono. Mwalimu mzuri anaangalia miguu na nyonga. Anauweka mpira juu ya kijiti kilichosimikwa ili usitembee, na mtoto anaupiga polepole mara nyingi, mpaka nyonga zijifunze kuzunguka kabla ya mikono. Anaangalia pia chombo chenyewe: mtoto aliyepewa gongo zito anashusha bega na kuburuta mikono. Akipewa jepesi, kosa linapungua lenyewe.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba michezo hii inaweza kufundishwa hata pale ambapo wazee hawakuicheza. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walipata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, ndugu ya softiboli, huko Williamsport, Marekani, lakini wakanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, wakawa ekipe ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano hayo, na wakaifunga ekipe ya Oregon 3-2. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua gongo, wala anayezaliwa akijua kupiga mpira wa kona. Lazima awepo mtu wa kumsimamisha vizuri na kurudia naye.

Somo la gongo zito linatuhusu moja kwa moja. Mpira wa watu wazima, namba 5, una uzito wa gramu 410 hadi 450. Mara nyingi ekipe ya kijijini ina mpira mmoja tu, na mpira huo ndio unaochezewa na mtoto wa miaka 8 na kaka yake wa miaka 20. Ili ausogeze, mtoto anarusha mwili mzima nyuma na kupiga kwa ncha ya kidole. Anajifunza kosa kila jioni, sisi tukidhani anajifunza mpira. Kwa umri wake kuna mpira namba 3, kisha namba 4 mpaka karibu miaka 12. Usipopatikana, ule mpira wa matambara na mifuko ya plastiki ambao watoto wanajifungia wenyewe kwa kamba, mdogo na mwepesi, unafaa kujifunzia kuliko mpira mkubwa uliojaa upepo. Tusiudharau.

Sasa, namna ya kumrekebisha mtoto. La kwanza: kosa moja kwa wakati mmoja. Nimewasikia makocha wakimwambia mtoto kwa pumzi moja akunje goti, ainamishe kichwa, anyooshe kidole, afungue mkono na asiogope. Hakuna mwenye akili ya kubeba mambo matano akiwa anakimbia. Anza na mguu wa kusimamia, ubaki hapo wiki nzima. Mara nyingi ukiwa sawa, makosa mawili mengine yanaondoka bila kuguswa.

La pili: mpe mtoto kitu cha kulenga nje ya mwili wake. Tangu utafiti wake wa mwaka 1998, Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha mara nyingi kwamba mtu anayejifunza mchezo anafanya vizuri zaidi akifikiria matokeo ya mwendo wake kuliko akifikiria viungo vyake. Kwa lugha yetu: usimwambie "zungusha nyonga". Chora mstari udongoni kando ya mpira, umwambie "kanyaga hapa, kisha gonga lile jiwe." Mguu utajipanga wenyewe ili jiwe ligongwe.

La tatu: polepole kwanza, kwa hatua mbili, mpira ukiwa umesimama. Mbio na nguvu zije baadaye. Ukuta wa masomo unatosha. Mtoto anayepiga ukutani mara hamsini kwa utulivu anajifunza zaidi kuliko yule aliyegusa mpira mara nne tu katika mchezo wa watoto ishirini na wawili.

Wapo watakaosema kipaji ni zawadi ya Mungu, na kocha akiingiza mikono anakiharibu. Wana haki kwa sehemu. Wako watoto wanaopiga kwa namna yao, isiyofanana na ya kitabu, na mpira unaenda walikotaka. Hao waachwe. Kocha anayetaka watoto wote wafanane anatengeneza matofali, si wachezaji. Kipimo changu ni hiki: tunarekebisha kinachofanya mpira ukose mara kwa mara, na kinachomuumiza mtoto. Mengine ni ladha yake. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali inasema kukunja, haisemi kuvunja.

Na hilo la kuumia tusilipuuze. Kati ya miaka 10 na 15, mtoto anaporefuka haraka, wengi wanaocheza sana wanapata maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa unapotokeza, hasa wakipiga mipira, wakikimbia na kuruka. Si uvivu, wala si uchawi wa ekipe ya mtaa wa pili. Ni mfupa unaokua huku ukivutwa na msuli. Mtoto akisema goti linauma, apunguziwe mazoezi na apumzishwe. Maumivu yakiendelea, aonwe na muuguzi. Kumwambia "kaza moyo, wewe ni mwanaume" ni kumtesa bure.

Kuna pia wasichana. Tunasikia kwamba msichana hawezi kupiga mpira mbali. Hesabu saa, msomaji. Wakati kaka yake alipokuwa kiwanjani kuanzia umri wa miaka 6, yeye alikuwa kisimani, jikoni, au na mtoto mgongoni. Akija kwenye mpira akiwa na miaka 13, ana makosa ya mwanzo, yaleyale aliyokuwa nayo kaka yake utotoni. Tofauti ni kwamba kaka alikosea akiwa mdogo na hakuna aliyemcheka. Binti afundishwe kama mwanzilishi, kwa mpira mdogo, kwa mstari udongoni, na utaona tofauti.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini niandike juu ya mguu wa mtoto wakati wilaya yetu ina shida za usalama, barabara mbovu na masomo yasiyo na madawati. Ninaandika kwa sababu ya shida hizo. Kwetu kuna dahabu. Kutoka Namoya hadi vijito vidogo, shimo halimkatai mtoto, halimuulizi umri, na siku ya bahati linampa noti mkononi. Wenye silaha nao hawawakatai. Kiwanja cha saa kumi ni moja ya mahali pachache ambapo mtoto anaitwa kwa jina lake, anangojewa na wenzake, na anajifunza kwamba jambo gumu linawezekana kwa kurudia. Tunapomfukuza hapo kwa matusi, tusishangae tukisikia amekwenda machimboni. Sisemi mpira peke yake utamzuia. Nasema tusiwe sisi tunaomsukuma.

Na ndoto zao si za kijinga. AS Maniema Union ya Kindu, ekipe ya jimbo letu, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025. Na nani kati yetu amesahau tarehe 28 Januari 2024, kule San-Pédro, Leopards walipoitoa Misri kwa penalti 8-7? Golikipa wa Misri aligonga mwamba wa juu, kisha golikipa wetu Lionel Mpasi akaweka mpira wavuni. Hata anayelinda goli kwa mikono, siku moja nchi nzima inangojea mguu wake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya Kinshasa. Makocha wa Kabambare na Kasongo wakutane hata nusu siku, wakubaliane mambo manne: kosa moja kwa wakati mmoja, mpira mdogo kwa watoto wadogo, mapumziko kwa anayeumwa, na hakuna matusi kwa mtoto. Wakubwa wa masomo wawape walimu wa michezo saa moja ya kuonyeshwa namna mguu unavyosimama. Waongozi wa mpira wa jimbo wanapoleta vifaa, walete mipira namba 3 na 4, si namba 5 peke yake. Nasi wazazi tunaosimama kando ya mstari tufunge midomo mtoto anapopiga, tuifungue anapofanikiwa.

Jioni ya leo, mpira ukipaa tena juu ya goli, asiwepo wa kucheka. Kocha ainame, achore mstari udongoni kwa kidole, aseme: "Kanyaga hapa, mwanangu. Rudia."