NANI ASHIKE DAFTARI LA INTANETI?



Wapo wanaosema intaneti isimamiwe na serikali. Wengine wanataka kampuni. Tuitazame AFRINIC, taasisi iliyoko Mauritius inayogawa anwani za intaneti Afrika nzima. Mwaka 2021 mahakama ilizuia akaunti zake. 2023 ikaikabidhi kwa msimamizi. Juni 2025 uchaguzi wa bodi ulifutwa, baada ya kuibuka shaka juu ya hati za kuwapigia wengine kura.

Kihasibu, daftari lisilokaguliwa halina usalama, liwe kwa waziri au kwa tajiri. Msimamo wangu: wanachama wake walishike wenyewe, likaguliwe, na kila mwenye kura ajitokeze.

Nasi tusisubiri. Daftari la tawi lipo ofisini. Njooni mhakiki majina yenu.

Katibu wa Tawi