Bibi harusi, AC ya nyumba nzima isiwe sharti la ndoa



Sisi tunaoshona mashela na mapazia ya vyumba vya maharusi tunayasikia mengi kabla ya ndoa. Siku hizi kuna jipya. Mabinti wetu wa visiwani wanaoolewa bara, hasa Kibaha na Kisarawe, hawaulizi tena kitanda na kabati tu. Wanauliza, "AC ipo?" Na wengine wanataka ya nyumba nzima, kama walivyoona hotelini au kwa ndugu zao wa Maskati. Leo tuseme ukweli, bila kumvunja mtu moyo.

Kwanza, tusiwacheke wanaotaka. Kaskazi ya Disemba mpaka Machi si mchezo. Tena mwanamke mwenye hijabu hawezi kufungua dirisha la barabarani akakaa atakavyo. Akifunga anapikika, akifungua hana sitara. Ukiwa mjamzito, au una mtoto mwenye vipele vya joto, hiyo si anasa. Hilo tunalielewa.

Lakini nyumba nyingi unazoolewa huko ni za zamani. Ni za wazazi wa bwana harusi: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, mabati juu. Zilijengwa ili upepo upite. Nyingine kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, na dari hakuna. Sasa AC ya nyumba nzima ni mashine moja kubwa nje, na mabomba mapana ya hewa yanayopita juu ya dari kwenda kila chumba. Dari ikiwa hakuna, yatapita wapi? Itabidi kuta zipandishwe, dari iwekwe, madirisha ya vioo vya kupandana yabadilishwe maana hayafungi sawasawa, na waya za umeme zivutwe upya. Mashine kubwa huenda ikahitaji umeme wa njia tatu. Kabla hujanunua AC yenyewe, umeshajenga nusu nyumba. Na nyumba hiyo ni ya ukoo, kesho ikigawanywa mirathi mabomba yako utayang'oa?

Halafu ipo LUKU. Kwa bei alizozipanga EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Akizidi hapo ni shilingi 350 kwa kila uniti. Mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292, na kodi bado. Chukua AC moja tu ya chumbani, ya BTU 12,000, aina ya zamani. Inakula karibu uniti moja kwa saa mashine inapofanya kazi. Ukilala nayo saa 8 mfululizo, ndani ya usiku kumi uniti 75 zimekwisha! Mwezi mzima ni uniti 240, yaani zaidi ya shilingi 70,000 kabla ya kodi. Tuseme inapumzikapumzika, ikala nusu, bado ni 35,000. Hicho ni chumba kimoja. Zidisha kwa vyumba vitatu na sebule, kisha mwulize mumeo mshahara wake.

Kinachotuumiza zaidi ni pesa zinapotoka. Bwana harusi hana, anaona aibu kusema hana, anakwenda kukopa kwa riba. Ndoa mnaisomea khutba na dua, halafu mnaianza na riba na israfu? Baraka itakaa wapi? Na mkopo haumalizwi na fungate. Utaulipa wewe pia, kwenye mboga na ada za watoto.

Ushauri wetu ni huu. Anzeni na nyumba yenyewe. Wekeni dari chumba chenu, maana joto kubwa linashuka kutoka kwenye mabati. Pakeni bati rangi nyeupe. Wekeni pangaboi, linakula umeme kidogo sana. Pandeni mwarobaini upande wa jua la jioni. Na mapazia, shoneni ya tabaka mbili: jepesi la kupitisha upepo huku likikupa sitara, na zito la kuzuia jua la mchana. Hapo hatupigi debe la duka letu, hata mama mkwe akiwa na cherehani atakushonea.

Mkiwa na uwezo baada ya hapo, wekeni AC moja, chumba kimoja, ya inverter, fundi aivutie waya wake peke yake na breka yake. Nunueni kwa pesa taslimu mliyoidunduliza. Kisarawe, kwenye vilima vya Pugu na misitu yake, miezi ya Juni mpaka Agosti usiku utajifunika shuka na AC imezimwa.

Na mazungumzo haya yafanyike kabla ya nikahi, kwa upole, kupitia kwa shangazi au somo, si siku ya kupeleka mahari. Mume anayekuambia kweli, "Mwaka huu pangaboi, mwakani in shaa Allah AC," huyo mshike. Ukweli wake utakupoza miaka mingi.

Allah azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Aamin.